Maini ya Mbuzi wa Adan

Mbuzi alimpiga Adan teke gotini, akamtemea nusu ya dawa kwenye shati, kisha akamtazama kwa dharau.

"Utakunywa tu!" Adan alimwambia, huku akimpanua mdomo tena.

Adan alikuwa na bucha mjini Embu. Daktari alikuwa amempima na kumwambia maini yake yamechoka. Apunguze mafuta, na asiguse kinywaji chochote cha mitishamba. Lakini rafiki yake Ndambiri wa kule Kanja, aliyechemsha mizizi na magome akauza kwa jagi, aliapa kwamba dawa yake inaosha maini na figo kuliko sabuni. Adan hakujua amwamini nani. Basi akaamua kumwuliza mbuzi.

"Maini ya watu siyajui," alimwambia mkewe, Kibibi. "Ya mbuzi nayajua. Huyu atakunywa kikombe kila asubuhi. Mwezi ukiisha namchinja, naona ukweli."

"Lakini wewe mwenyewe hutakunywa, sivyo?"

"Nani, mimi? Nataka kumnyamazisha Ndambiri tu."

Siku chache baadaye ilibidi aende Isiolo kununua mifugo. Akamwachia Kibibi jagi, kikombe na onyo: "Huyu mbuzi akipatwa na jambo, Mama Shamima, tusijuane."

Aliporudi hakuyaamini macho yake. Mbuzi, mweusi tii kama alivyomwacha, alikuwa anang'aa manyoya. Teke hakupiga. Kibibi alipomletea kikombe, alikimaliza chote, akalamba hadi ukingo.

"Dawa imemtoa hata kiburi!" Adan alisema. "Kesho nitamnywesha mwenyewe."

"Wacha tu," Kibibi akajibu haraka. "Ameshanizoea."

Mwezi ulipoisha, Adan alimchinja mbuzi uani kwake mtaani Majimbo, Ndambiri na majirani wakiwa wamemzunguka. Alipoyatoa maini, moyo ulimdunda kama anayesubiri majibu yake mwenyewe. Akayapasua taratibu. Yalikuwa laini, bila doa, bila mnyoo. Figo nazo zilikuwa zimejilalia ndani ya mafuta, nono, safi. Miaka yote ya bucha hakuwahi kushika maini mazuri namna ile.

Ndambiri aliruka juu. "Si nilikwambia, bwana! Daktari amesoma vitabu, mimi nimesoma miti!"

Majirani wakaanza kumwagiza, huyu jagi moja, yule mawili. Adan hakutaka kuwa wa mwisho. Alijimiminia bilauri, akasema Bismillahi, akafumba macho na kuimaliza. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Kisha akajihisi mwepesi, kama kijana, akajimiminia nyingine.

Kibibi alitoka jikoni na sinia la ugali. Akaiona bilauri mkononi mwa mumewe, akasimama.

"Hiyo ni nini unakunywa?"

"Ni dawa yenyewe!" Adan alicheka. "Njoo nawe uonje. Umeyaona maini?"

Kibibi aliweka sinia chini, akamvuta kando.

"Baba Shamima," alinong'ona, "mbuzi wako alikufa ukiwa Isiolo. Huyu nilimnunua Siakago, na kila asubuhi nilikuwa nampa chai ya rangi."