Mashuka ya Asubuhi

Tangu kukesha kupigwe marufuku, na kila mtu mzima alazimishwe kumeza melatonini, kidonge cha usingizi, ikifika magharibi, Bi Riziki, ambaye kwa miaka hakupata hata lepe la usingizi, alikuwa akilala usingizi wa pono. Lakini kila asubuhi, miguu aliyoiosha kabla ya kupanda kitandani ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini.

"Ulisahau kunawa, Mama Siti," alisema mumewe, Makame, huku mikono yake kaificha chini ya shuka.

Bi Riziki alifua mashuka, akatoka kuyaanika. Mtaa mzima, kamba za kila nyumba zilikwisha kujaa mashuka yanayochuruzika maji.

"Umelalaje, shoga?" jirani alimwuliza.

"Fofofo. Na wewe?"

"Fofofo."

Hakuna aliyetazama miguu ya mwenzake.