Jina la Mtoto wa Ojwang

"Mchome haraka, Sista, nina mkutano saa kumi," alisema Ojwang Okwach, amemshika mwanawe mkono ili asifurukute.

Nesi Bernadeta alimchoma sindano. Victor, mtoto wa miezi tisa, alilia kidogo akanyamaza. Ilikuwa Jumapili, zahanati imefungwa, na gari la Ojwang lilikuwa limeegeshwa nyuma, upande wa choo, watu wasilione. Nesi akaandika kwenye rejista kama alivyofundishwa: jina la mtoto, jina la baba, chanjo ya surua, tarehe. Ojwang akatia sahihi bila kusoma, akavaa kofia yake, akaondoka.

Saa kumi alikuwa juu ya meza kule Buhongwa, kipaza sauti mkononi, akiwaambia akina mama kwamba sindano za serikali zinaletwa kuua kizazi chao. Yeye mwenyewe, alisema, ni baba wa watoto sita, na hajamruhusu nesi yeyote kumgusa hata mmoja. Watu walishangilia mpaka vumbi likapanda.

Huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi, tisini na tano, Ojwang akigombea ubunge, na vyama vingi vilikuwa bado kitu kipya. Chama cha Ojwang kilikuwa cha tatu, tena cha tatu kwa mbali. Hakikuwa na ofisi wala sera. Kilikuwa na hiyo sindano tu, na ilitosha. Kliniki ya Bernadeta pale Mkolani, iliyozoea kujaa akina mama mpaka barazani, sasa ilipata watatu, siku nyingine hata mmoja hakuna. Kisha surua ikaingia. Jumanne ikamchukua mtoto mkubwa wa Dorotea, muuza nyanya. Mdogo wake alikuwa bado mgongoni mwa mama, naye hajachanjwa.

"Mlete huyu basi," Bernadeta alimsihi pale msibani.

"Mimi nakuheshimu, Sista," Dorotea alisema. "Lakini Ojwang ana watoto sita, hawajachanjwa, na wote wazima."

Usiku huo Bernadeta alimwonea kinyaa yule mwanamume, kofia yake na sahihi yake. Alijionea kinyaa na yeye mwenyewe, maana alikuwa na dawa ya uongo ule kabatini, ukurasa mmoja tu, na kiapo cha kazi kilimfunga mdomo. Ya mgonjwa hayatoki nje. Alikuwa ameishika amri hiyo miaka kumi na saba.

Siku ya tatu aliifunga rejista kwenye kanga akaenda Buzuruga, nyumbani kwa Mheshimiwa Apolinary Rwekaza, mbunge wa chama tawala. Rwekaza alikuwa mtu wa Bukoba, msomi, mwenye Kiswahili kilichonyooshwa kama shati lake. Mpinzani wake wa pili hakumsumbua. Huyu wa tatu ndiye aliyemkondesha.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Sista. Karibu ukae."

Aliusoma ukurasa ule mara mbili. Hakuuliza ni watoto wangapi wanaugua.

"Buhongwa walikuja watu wengi kiasi gani?"

"Uwanja ulijaa, Mheshimiwa. Wengine walipanda juu ya mawe."

"Na akina mama?"

"Ndio waliokuwa wengi."

Rwekaza alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonjeshwa mchuzi. "Na hii, nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe tu."

"Basi ibaki hivyo. Niachie. Jumamosi njoo kwenye mkutano wangu hapo kwenu Mkolani. Nitasema neno ambalo akina mama hawatalisahau."

Bernadeta alirudi mikono mitupu. Alijua kwamba wangeweza kumfukuza kazi kwa hilo, na wangekuwa na haki. Sawa, wamfukuze. Angeuza hata dagaa, mradi yule mtoto wa mgongoni mwa Dorotea asimfuate kaka yake.

Jumamosi alimpitia Dorotea gengeni.

"Twende ukasikie mwenyewe," alimwambia. "Ukiridhika, Jumatatu unamleta mtoto."

Dorotea alifikiri, akafunika nyanya zake kwa gunia. "Mheshimiwa akisema mbele za watu, nitamleta. Yule hawezi kutudanganya, amesoma."

Walisimama mbele kabisa, wameshikana mikono, mtoto amelala mgongoni. Rwekaza alipanda jukwaani, akasubiri watu watulie.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeletewa ushahidi wa maandishi kuhusu ndugu Ojwang Okwach."

Bernadeta aliubana mkono wa Dorotea. Mfukoni mwa shati la Mheshimiwa ulichungulia ukurasa uliokunjwa, umechanwa kutoka kwenye rejista, na aliutambua wino wake mwenyewe. Rwekaza akaupigapiga mfuko ule kwa kiganja, kisha akageukia gari lake. Mlango ukafunguka. Akashuka Ojwang, bila kofia, amevaa shati jipya la chama tawala, macho yake hayatoki kwenye ule mfuko.

Rwekaza alimpokea, akamkumbatia, akakiweka kipaza sauti karibu na mdomo wake mwenyewe.

"Ushahidi huo nimeusoma mwenyewe, na nimeridhika kwamba ndugu yangu huyu ni mkweli. Leo amejitoa, kura zake ameniachia mimi. Nami nalipokea neno lake kwenu, akina mama: mkinichagua, sindano hizo hazitamgusa mtoto yeyote wa Mkolani."

Taratibu, kwa adabu, Dorotea akauchomoa mkono wake katika mkono wa nesi, apate kupiga makofi.