Kitufe cha Asubuhi

Sheria ya miaka hiyo ilimtaka kila mzee anayeishi peke yake abonyeze kitufe asubuhi, jamaa zake wajue yu mzima. Kitufe cha Bi Mwanakheri kiliendeshwa na programu ya kompyuta ya lugha ya zamani, Java, aliyoiandika marehemu mumewe. Haikupatana na maktaba mpya za JavaScript, vipande vya programu vilivyo tayari, zinazotuma salamu kwa jamaa, mpaka mjukuu wake Nasra, kwa huruma yake, alipoziunganisha.

"Sasa hazigombani, Bibi. Penye pengo, maktaba inajaza yenyewe."

"Inajaza nini?"

"Bibi nawe! Kunywa chai."

Kesho yake Bi Mwanakheri hakubonyeza. Alikaa kitandani akimngoja Nasra aje mbio. Kioo cha kompyuta ukutani kikamwandikia Nasra: "Bibi ameamka salama, anacheka."

Jibu la Nasra likaja papo hapo: "Nafurahi, Bibi yangu."

Akalisoma mara mbili, akajiuliza kama Nasra naye ameamka, au naye amejaziwa.