Nyumba Ishirini na Mbili

Mtaa mzima ulikuwa na presha ya kutisha, na kwa mujibu wa fomu, ilizidi kupanda nyumba hadi nyumba.

Mkaguzi alizipanga fomu hizo mezani. Nyumba ya kwanza, 168 kwa 102. Ya kumi, 184 kwa 110. Ya ishirini na mbili, iliyopimwa asubuhi hiyohiyo, 211 kwa 126. Utafiti wa afya wa taifa ulikuwa unafungwa kesho, na gari la kliniki lilikuwa moja tu. Mtaa wenye hali mbaya kuliko yote ndio ungelipata. Kule kwenye machimbo ya mawe, ambako watu walikuwa wanaanguka kweli, wangekosa.

Fomu zilikuwa za Mama Fomu, mpimaji wa siku nyingi, ndiye aliyemfundisha kazi. "Mwanangu," alizoea kumwambia, "fomu isiyo na kipimo ni uongo wenye muhuri."

Akaenda mwenyewe. Nyumba ya kwanza kufuli, ya pili kufuli. Watu wako kiwandani tangu alfajiri. Bibi mmoja aliyekuwa anaanua nguo alimcheka.

"Kupimwa? Sisi hapa hupimwa na fundi cherehani tu, mjukuu wangu."

Roho ilimuuma. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakutegemea imfikishe kwa mtu huyu.

Alimkuta Mama Fomu mwisho wa mtaa, amekaa kivulini, viatu kavua, miguu imevimba, kiganja kwenye paji la uso.

"Jua tu, mwanangu. Kichwa kinanigonga tangu juzi."

"Mama, umezipika fomu."

"Mimi?"

"Watu hawapo majumbani. Kesho jina lako linakatwa, na mkono utakaolikata ni wangu." Huyu mama alikuwa amemlea kazini, na leo yeye ndiye anayemmwagia unga.

Mama Fomu aliinamisha kichwa. "Kila nikija, makufuli. Ofisi nayo inataka nyumba ishirini na mbili. Lakini kupika, hapana. Sijawahi kuandika namba ya kutoka kichwani. Tazama mashine hii ya presha."

Aliichukua kwa hasira. Mashine zile hutunza kila kipimo na saa yake, wala hazichezewi. Akabonyeza kurudi nyuma, kimoja baada ya kingine. Vyote ishirini na viwili vilikuwemo, sawasawa na fomu.

"Ila siku hizi inapandisha," Mama Fomu alisema. "Nadhani betri zimechoka."

Betri alizibadilisha mkaguzi mwenyewe, Jumatatu.

"Mama," alisema polepole, "ulikuwa unampima nani?"

Mama Fomu aliona haya kama mtoto. Akakunja mkono wa blauzi. Juu ya kiwiko, alama nyekundu ya mkanda wa mashine ilikuwa bado haijafutika.