Pembe Isiyopigwa Jembe

"Sio hapo," walisema Bi Pole na shemeji yake kwa pamoja, hata wakatazamana.

Mtafiti wa udongo akainua sepeto yake, akacheka. Alikuwa binti mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, ametoka kituo cha utafiti na ndoo, kisu, mifuko ya nailoni na vibarua wawili wenye mabega. Asubuhi nzima alikuwa amelipita shamba kwa mwendo wa mlevi, mara huku mara kule, akitoboa ardhi kwa keekee na kuchanganya udongo ndani ya ndoo kama anayekanda unga. Kote alikuta udongo mwekundu, mgumu, umechoka kama mgongo wa punda. Pembe hii tu ndiyo ilikuwa nyeusi na laini, ina nyungunyungu wanene. Mahindi yake yalimpita Shemeji kwa urefu.

"Mama, hapa umeweka dawa gani?"

"Sijaweka kitu, mwanangu. Nimepaacha tu."

"Hupalimi?"

"Napanda kwa kijiti. Magugu nayang'oa kwa mkono, mabua nayalaza hapohapo. Jembe halijapagusa, huu mwaka wa tisa."

"Nani alikufundisha?"

Bi Pole akatazama vidole vya miguu yake. "Uvivu."

Haukuwa uvivu. Miaka tisa nyuma mumewe alimwinulia mkono kwa mara ya mwisho, naye akamtia mchi wa kisogo. Mtu akaanguka kifudifudi, kimya. Aliyetokea mlangoni alikuwa Shemeji.

"Nenda kwa dada yako," alimwambia. "Kaa siku mbili. Haya mengine niachie mimi."

Aliporudi, sakafu ilikuwa imeoshwa, na kwenye pembe ya shamba palikuwa na udongo mbichi uliofunikwa majani. "Futi tano," alisema Shemeji, akimwonyesha malengelenge ya viganja. "Watu tutawaambia katoroka."

Watu wakaambiwa. Wakaja kumpa pole, wakampa tena pole, mpaka likawa jina lake.

Tangu siku hiyo Shemeji hakutaka kitu akakikosa. Kiti cha nduguye alikikalia yeye. Nguo zake alifua Bi Pole, maji yake ya kuoga alipasha Bi Pole, na shamba la bondeni lilihamia kwake bila hata kikohozi. Akikataliwa jambo hakupiga wala hakutukana. Aligeuza shingo tu, akaitazama pembe ile, akasema, "Mahindi ya kule yamestawi, eti?" Na Bi Pole akainuka kwenda kuteka maji.

"Lazima nichimbe," mtafiti alisema. "Mita moja na nusu, nisome tabaka zake. Huenda mama katufundisha jambo tunalolihangaikia miaka yote."

"Chimbeni kule mteremkoni," Shemeji akasema upesi. "Hapa pana nyoka."

"Tuna buti."

"Na ardhi hii ni ya ukoo. Ukoo haujakaa kikao."

"Lakini mzee, si ulitia sahihi kibali wewe mwenyewe juzi? Nilimuulizia mwenye shamba, ukasema ni wewe. Hata kukisoma hukutaka."

Sifa hizo za kujiita mwenye shamba, jamani, zimeua wengi.

Vibarua wakavua mashati. Pembe yenyewe ilikuwa na ukubwa wa mikeka miwili tu, na shimo likaimaliza. Bi Pole alikaa chini. Kila sepeto iliyozama, ilizama tumboni mwake. Alijiuliza gerezani wanawake hulala wangapi kwenye mkeka mmoja, na kama mwanamke wa umri wake hupewa adhabu ya kuponda kokoto.

Shimo likawafika vibarua magotini. Likafika kiunoni. Bi Pole alimtupia jicho Shemeji apate mwenzake wa kutetemeka naye. Shemeji alikuwa akitetemeka kweli, lakini shimo hakulitazama hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye.

Kifuani, sepeto ikagonga kitu. Ko.

Bi Pole akafumba macho.

"Jiwe," kibarua akasema, akalitupa nje.

Walipomaliza, mtafiti alishuka na kisu chake, akaukwangua ukuta wa shimo taratibu, kama anayemenya kitu asichotaka kukiumiza. Alikawia humo.

"Mama," akaita. "Njoo uone."

Bi Pole akateremka shimoni.

"Hii nyeusi ya juu ni kazi yako ya miaka tisa, upana wa kiganja. Sasa tazama chini yake. Mstari huu haujakatika popote. Vijia hivi vya mchwa ni vya kale, na mizizi hii imeozea palepale ilipoota. Udongo ukichimbwa ukarudishwa huchanganyika, hata ipite miaka mia nitaujua. Huu haujawahi kufunguliwa, mama. Sisi ndio wa kwanza."

Bi Pole aliutazama ukuta ule, kona hadi kona. Kisha akatoka, akamsogelea shemeji yake karibu sana, kama mtu anayetaka kumnong'oneza habari za harusi.

"Shemeji. Kaka yako yuko wapi?"

Shemeji alilamba midomo. "Aliamka ulipotoka tu. Akasema hiyo ndiyo nafasi yake, nisimwambie mtu. Udongo ule niliumwaga juu tu. Kaka ana watoto wanne huko alikokwenda."

"Mama," mtafiti akaita, akijipangusa magoti, "shimo tulifukie leo?"

Bi Pole akamtazama Shemeji kuanzia utosini mpaka unyayoni, polepole, kama fundi cherehani apimaye mteja.

"Liacheni, mwanangu," akasema. "Nitalifukia mwenyewe."