Mavi ya Ndama Kitini

Mavi ya ndama yalikuwa mabichi, tena yamepakwa kitini kwa mkono. Alama za vidole zilionekana. Mwalimu Theodora aliziba pua kwa ncha ya khanga.

"Umeona, mwalimu?" alisema Kefa, mwenye nyumba. "Namtengea mtoto chumba cha kusomea, mama yake anakigeuza zizi."

Kijiji kizima cha Kinyangiri hakikuwa na baba kama Kefa. Uongozi wa kijiji ulipohimiza kila nyumba itenge mahali pa watoto kusomea, wengine walipiga makofi mkutanoni wakaenda zao. Kefa aliwatoa ndama katika chumba cha mbele cha tembe lake, akaweka meza, viti viwili na taa ya chemli. Binti yake Stumai, wa darasa la saba, alikatazwa hata kuteka maji, asije akaharibu mikono. Mafuta ya taa aliyaleta Mzee Simeoni, mnunuzi wa asali kutoka Itigi. Kefa alisema ni ndugu wa mbali anayependa elimu. Kila akipita, alitaka kumsikiliza Stumai akisoma.

Lakini kila mzee huyo alipotarajiwa, Kristina, mama yake Stumai, aliwarudisha ndama chumbani. Simeoni, mtu wa suti ya Kaunda na viatu vyeupe, alishafika mlangoni mara mbili, akatema mate, akageuka akaenda zake. Leo alikuwa anakuja tena, na Kristina aliona ndama peke yao hawatoshi.

Alikuwa amesimama pale ukutani, mikono bado ina mavi. Theodora alimchukia waziwazi. Mtihani ulikuwa karibu, na Stumai ndiye msichana pekee aliyetegemewa kwenda sekondari. Sasa alisomea jikoni, kwenye moshi, ubavuni mwa mama yake. Mama gani huyu wa kumwonea mwanawe wivu?

"Mama Stumai, huoni hata haya?"

Kristina alimtupia mumewe jicho, kisha akainamisha kichwa. "Acha kunuke, mwalimu," alisema polepole. "Nakuomba."

Kunuke! Theodora aliomba maji na majivu, akasugua mwenyewe kiti, meza na sakafu. Kefa aliwaswaga ndama nje. Harufu ilipokwisha, mwalimu alimwita Stumai kutoka jikoni, akamkalisha mezani na kitabu chake.

Mzee Simeoni aliingia bila kuziba pua.

"Shikamoo," alisema Stumai.

Simeoni hakuitikia marahaba. Alitabasamu tu, akavuta kiti cha pili. Kefa akakaa mlangoni, uso umemchangamka. Theodora aliondoka mikono yake ikinuka, lakini roho imetulia.

Jumatatu Stumai hakuja shule. Theodora alipofika kwa Kefa alikuta zizi limejaa ng'ombe wageni, na wazee wanakunywa pombe uani. Chumba cha kusomea kilikuwa safi vilevile alivyokiacha. Kristina alikuwa ameketi sakafuni, kitabu cha mwanawe mapajani.

"Bwana harusi alikuwa anashindwa na harufu tu, mwalimu," alisema. "Ukaisugua."