Maneno Kumi kwa Mama

Mama alikuwa ameshavaa. Mhandisi alisukuma mlango akihema, daftari mkononi, tayari kumwandikia kwamba ajiandae haraka, wanatoka. Akamkuta ameketi ukingoni mwa kiti, gauni limepigwa pasi, viatu miguuni, mkoba mapajani.

Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Labda leo ilikuwa siku ya kliniki ya magoti. Akaandika: *Twende kazini kwangu. Nakuhitaji.* Mama akasoma, akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka.

Ndani ya teksi Mhandisi alikuwa kama aliyekalia siafu. Alitafuna kucha, akatazama saa, akaitazama tena kabla mshale haujasogea. Miaka sita yeye na wenzake, katika kampuni yao ya kutengeneza chipu, walikuwa wakihangaikia kitu kidogo kuliko punje ya mchele: chipu ya kuichambua sauti ya mtu katikati ya makelele na kuifikisha sikioni kwa kupitia mfupa. Watu wawili wa kwanza kujaribishiwa walisikia mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Wa tatu, aliyepangwa leo, jana mchana alishikwa na homa. Na Mkurugenzi alikuwa ameshatamka: leo au basi.

Wazo la kumleta Mama alikuwa nalo tangu mwanzo, ila aliliogopa. Chipu yenyewe aliianza kwa ajili yake. Isipomfaa yeye, ingemfaa nani?

Mama aliacha kusikia mwaka ule shemeji zake walipokuja kugombea nyumba ya marehemu mumewe. Walifoka siku tatu, naye anawatazama midomo tu. Wakachoka wenyewe, wakaenda zao. Daktari alimgongea vyuma kisogoni, Mama hakupepesa jicho. "Ni mshtuko," daktari akasema.

Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa jioni. Jioni Mhandisi huketi jikoni kando ya mama yake na kuyamwaga yote: mchumba aliyemwacha bila kuaga, wakubwa wanaomkatiza kila akifungua kinywa, hofu kwamba ujana wake umeishia kwenye darubini. Jana alimwaga habari za mgonjwa wa homa na jinsi alivyofikwa na maji ya shingo. Kiziwi huambiwa mambo ambayo hata mto wa kulalia hauyajui. Mama huendelea kukatakata vitunguu, machozi yakimchuruzika.

Katika chumba cha majaribio, Mkurugenzi alikuwa ameshafungua jalada.

"Huyu ni mama yako?"

"Ndiye, Mkurugenzi. Vipimo vyake vya hospitali hivi hapa."

"Haya. Ila nina kikao saa tano. Waliosema sikio la kufa halisikii dawa hawakukosea, na nisingependa methali hiyo iuangukie mradi huu."

Mhandisi akaanza kumweleza Mkurugenzi utaratibu, akienda na kurudi mbele ya meza hadi akaombwa asimame mahali pamoja. Alipogeuka, kifaa chenye ukubwa wa harage kilikuwa kimeshabandikwa nyuma ya sikio la Mama. Fundi wao, waliyembatiza Taratibu kwa kuwa hata mvua haikuwahi kumkimbiza, alikuwa ametoka.

"Hata leo naye anakwenda kunywa chai!" Mhandisi akanung'unika. Hakumsubiri. Kifaa kilikuwa cha kujiwasha chenyewe kikishagusa ngozi.

Akamwandikia Mama arudie kila neno atakalolisikia, akafungulia spika zenye kelele za soko. Akasimama hatua sita nyuma ya Mama, ameshika karatasi ya maneno kumi aliyoyachagua Mkurugenzi mwenyewe.

"Mlango," akasema.

Mama alikuwa anatazama ukuta.

"Mlango."

Vidole vya Mama vilikaza juu ya mkoba. Mkurugenzi akashusha pumzi, akafunga jalada.

"Nipe dakika moja, tafadhali." Sauti ya Mhandisi ilikatika. Aliishusha karatasi, hakuisoma tena. "Mama," akanong'ona, "hata wewe?"

Mama alifumba macho. Akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayeaga kitu.

"Mlango," akasema. Kisha akaongeza, "Endelea, mwanangu. Nakusikia."

Mhandisi nusura aidondoshe karatasi. Akasoma kwa pupa: sindano, daraja, kijiko, pazia. Mama akayarudisha moja baada ya jingine, bila kukosea hata silabi. Mkurugenzi akaagiza kelele ziongezwe kidogo.

"Mawingu," akasema Mhandisi.

"Mawingu," akajibu Mama.

Lilipokwisha neno la kumi, Mkurugenzi alizima spika kwa mkono wake. Alisahau kikao, akasahau na methali. "Andikeni kwamba mradi unaendelea," akasema, akampa Mhandisi mkono. "Miaka yote mtakayohitaji."

Mhandisi akapiga magoti mbele ya mama yake, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Unanisikia kweli, Mama?"

"Kila neno," Mama akasema, akimfuta shavu kwa kiganja.

Mlango ukafunguka. Taratibu akaingia kwa mwendo wake uleule, ameshika kichupa kwa vidole viwili kama aliyebeba yai.

"Dada, mbona hamkunisubiri?" akauliza. "Hilo nililombandika ni ganda tupu, nilikuwa naangalia kama linamkaa. Chipu ndiyo hii, nimetoka kuichukua."